Ukungu Kwenye Filamu za Dhoihir

Dhoihir alikuwa amelala kifudifudi kati ya kitanda na ukuta, shavu limegusa sakafu, damu imeshakauka nyuma ya sikio. Mguu wa kamera, ule wa chuma wenye matawi matatu, ulikuwa umeegemezwa mlangoni vizuri, kana kwamba mwenyewe alikuwa anajiandaa kutoka.

Inspekta Ibouroi aliinama akautazama bila kuugusa. Nywele kadhaa zilikuwa zimenasa kwenye skrubu ya chini.

"Nani alifungua mlango?"

"Mimi," alisema Bweni Moina, mwanamke mwenye nyumba hiyo ya wageni, mtaani Magoudjou, Moroni. "Aliniomba nimwamshe baada ya sala ya alfajiri, awahi ndege ya Nairobi. Niligonga mpaka mkono ukaniuma."

"Jana alikuwa na mgeni?"

"Alikuja mwanamume, alasiri. Kofia ameishusha machoni. Walizungumza Kimalagasi, lugha nisiyoijua."

"Waligombana?"

"Sauti ya marehemu ilipanda mara moja. Halafu kimya. Nikadhani wamepatana."

Pasipoti ilikuwepo. Kamera zote mbili zilikuwepo. Ndani ya mkoba, Sajini Youssoufa alikuta kifuko cheusi, akakinyanyua kwa mshangao.

"Kizito hiki, Inspekta."

"Kimetiwa madini ya risasi. Wapiga picha huwekea filamu humo wanaposafiri, ili mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege isiziunguze."

Filamu zilikuwamo, kila moja ndani ya kikopo chake, hakuna iliyosafishwa.

Kabla maiti haijaondolewa, gari la jeshi lilisimama nje. Mzungu mmoja wa kikosi cha mamluki aliingia na sare yake nyeusi. Ulikuwa mwaka wa saba tangu watu wale waitie nchi mkononi, na hakuna polisi wa Moroni aliyethubutu kuwauliza wanakwenda wapi. Alimwangalia marehemu kama anavyoangaliwa mbuzi aliyegongwa barabarani.

"Ameteleza," alisema kwa Kifaransa. "Andika hivyo."

Akakitupia macho kile kifuko, akageuka, akaenda zake.

Ibouroi alibaki amesimama. Watu wale walikuwa wakinyang'anya hata saa za mkononi za wafu. Huyu alikuwa mpiga picha, amekufa akielekea nje ya nchi, na filamu zake wameziacha. Mtu haachi kitu anachokiogopa, ila akiwa na hakika kwamba hakina tena madhara.

Aliagiza mguu wa kamera upimwe alama za vidole. Kisha akamwambia mkuu wake kwamba anakwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, kumpa mjane wa marehemu rambirambi, akapanda ndege ya asubuhi na kile kifuko kifuani, chini ya koti.

Nyumba ya marehemu ilikuwa ndani kabisa ya mji wa mawe, chini ya ngome, mahali ambapo watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Ukumbini wanawake walikuwa wakisoma Kurani. Ramlati, mjane wake, alikuwa ameshaanza eda. Alizungumza na Inspekta kutoka nyuma ya pazia, kaka yake akiwa ameketi kati yao.

"Ni nani aliyekuwa akimsafishia picha zake?" aliuliza Ibouroi.

"Mimi, tangu tuoane. Yeye alikuwa anapiga, mimi nasafisha."

"Kwa nini hizi hukuzisafisha?"

"Alikataa. Alisema filamu ambayo haijasafishwa haina inachomwambia askari anayefungua mkoba. Zingesafishwa Nairobi, kwa watu wa magazeti."

"Dada, naomba uzisafishe sasa. Sina mwingine wa kumwamini."

Kaka mtu alitaka kusema neno, lakini Ramlati alikuwa ameshainuka. Chumba cha giza kilikuwa humo humo ndani, nyuma ya jiko.

Alipotoka, adhuhuri ilikuwa imepita. Mkono wake ulipenya pembeni mwa pazia ukiwa na ukanda mrefu unaotiririka maji. Ulikuwa na weusi wa masizi kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu yake mawimbi mawimbi.

"Imeingia mwanga?" aliuliza Ibouroi.

"Mwanga hauli hivi. Hii ni eksirei. Na si mara moja, tena si ndani ya kifuko. Zimetolewa, zimepitishwa, zimerudishwa, zimepitishwa tena. Za kupigia gizani ndizo zilizokufa kabisa, kwa sababu hizo ni nyepesi kudhurika."

"Labda zilipita mashineni alipopanda ndege ya kutoka hapa?"

"Uwanja wetu wa Ouani hauna mashine. Iko Hahaya, uwanja wa Moroni, kwa wanaokwenda nje. Na hata huko Dhoihir alikuwa anaomba filamu zikaguliwe kwa mkono. Wakimkatalia, anaahirisha safari."

"Naye amekufa kabla hajafika Hahaya."

"Basi zilikwenda bila yeye," alisema Ramlati.

"Alikuwa na mtu pale?"

Sauti yake ilififia. "Maoulida. Anaendesha ile mashine. Walikua pamoja Majunga, kwa Wamalagasi, wakarudishwa huku mwaka mmoja, sabini na saba, baada ya watu wetu kuchinjwa kule. Aliahidi kumpitishia filamu kando ya mashine. Inspekta, mtu yule amekula humu ndani."

Ibouroi alikunywa maji aliyopewa, akaomba jambo moja zaidi. Filamu moja, ya kupigia juani, ilikuwa imenusurika nusu. Ramlati aliichapa picha moja tu. Aliikabidhi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa.

Maoulida hakukimbia. Walimkuta Hahaya, amekaa kando ya mashine yake, akamfuata Youssoufa bila kuuliza anaitiwa nini.

"Juzi ulikuwa wapi alasiri?" Ibouroi alimwuliza kituoni.

"Nyumbani, Ntsoudjini."

"Alama za vidole vyako ziko kwenye mguu wa kamera."

Maoulida aliitazama mikono yake.

"Alikupa filamu uzipitishe kando," alisema Ibouroi. "Ukazipitisha ndani."

"Asubuhi, kabla abiria hawajaja. Mpaka nikachoka." Alizungumza polepole, kama mtu anayetua mzigo. "Alasiri nikamrudishia. Nikasema mkubwa wetu amebadilishwa, sitaweza. Nilitaka asafiri tu, akazione zimeharibika huko huko. Lakini alikifahamu kifuko chake. Alisema, hivi sivyo nilivyovipanga vikopo. Akasema atakata kipande akisafishe, na kama zimeungua atarudi Mutsamudu kuanza upya. Alinipa mgongo afungue mkoba. Mguu wa kamera ulikuwa karibu."

"Wamekulipa nini?"

"Sikulipwa. Wamemchukua mwanangu." Aliinua macho kutoka kwenye mikono yake. "Anli. Walimkuta na karatasi za wapinzani. Mzungu mmoja aliniambia: filamu zife, kijana arudi. Aliapa. Ijumaa hii wanamwachia. Nihukumu utakavyo, Inspekta, lakini ngoja kwanza Ijumaa ipite."

Hasira ilimpanda Ibouroi. Alimfikiria yule mwanamke anayesafisha filamu za mumewe na msiba ukiwa mbichi. Akatoa picha, akaiweka mezani.

"Tazama ulichotaka kukizima."

Ilikuwa na mistari ya ukungu toka pembe hadi pembe. Kati ya mistari, lori lilikuwa limefunguliwa nyuma, na maiti za vijana zimelazwa chini ubavu kwa ubavu, mikono imefungwa, nyuso zimeelekezwa juani.

Maoulida aliitazama. Kidole chake kilipita juu ya wa kwanza, juu ya wa pili, kikasimama. Hakulia. Aliifuta ile sura kwa ncha ya kidole, mara nyingi, kana kwamba ukungu ungetoka.

Ibouroi alielewa, na akatamani picha ile ingekuwa bado kwenye kitambaa.

"Lini?" aliuliza Maoulida.

"Kabla hujaambiwa habari ya filamu."

"Wamemsalia sala ya maiti?"

"Sijui."

"Wamemzika wapi? Niambie hilo tu. Mama yake ataniuliza."

Youssoufa aliweka kalamu chini. Ibouroi aliigeuza picha kifudifudi.

"Mkewe ameniambia Dhoihir alilifuata lile lori mpaka mwisho," alisema. "Alipaona walipowazika. Mahali penyewe hakumtajia mtu, hata mkewe, asije akateswa kwa ajili hiyo. Alikuwa anakwenda kupataja huko Nairobi."

Maoulida alifumba macho. Ibouroi akamsogezea karatasi ya maelezo aweke sahihi.