Shuka Kitufe Kimoja

Mchana ule Manzese ilikuwa imefurika watu hadi barabarani. Raudha alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha fundi, mtandio wa zambarau kichwani, hedifoni shingoni, uso kaukunja.

"Fundi, sikio moja limekufa."

"Lako au la hedifoni?"

"Ukinitania naondoka."

"Ukiondoka nafunga kibanda nakufuata."

Hakuondoka. Fundi mwenyewe aliitwa Twalib, na kwenye harusi alipiga kinanda cha taarabu. Akiunga waya alimdadisi, akajua kuwa binti huyu ni DJ wa tekno, ule muziki wa mashine. Kulinganisha kasi za nyimbo mbili kwake kulikuwa mchezo, ila nyimbo zenyewe ziligombana, naye hakujua kwa nini.

"Kila wimbo una ufunguo wake, yaani sauti ya msingi unayoiegemea," Twalib akamwambia. "Funguo zisipopatana, hata kasi ilingane vipi, ni ugomvi tu."

Penzi likaanzia hapo. Miezi miwili Twalib alisikiliza nyimbo zake zote, akamwandikia ufunguo wa kila mmoja kwenye daftari. Siku ya kumkabidhi alisema, "Ukishapaa, mpenzi, utanisahau mie." Raudha akacheka, lakini neno likamkaa.

Kwenye onyesho la Ubungo alikuwa na wimbo wa mapigo mia moja thelathini na nane kwa dakika. Akaingiza mwingine wa mia moja thelathini, akaupandisha kasi ulingane. Daftari lilisema ufunguo ni mmoja. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kilio. Watu waliziba masikio, kisha wakamzomea hadi akashuka.

"Umefanya makusudi!" alimfokea Twalib kwenye simu.

"Raudha, nimeandika nilichosikia!"

"Umeogopa nisipae, ukanikata mbawa."

Akakata simu, akaifungia namba yake.

Wiki tatu baadaye Hamisa, mwandaaji wa maonyesho, akampigia. "Nimekupatia nafasi Kiwalani, Jumapili saa kumi jioni. Ukiharibu tena, mdogo wangu, sina pa kukuficha."

Jumapili alisimama nyuma ya spika na gauni jeusi lililomganda kwa jasho. DJ aliyemtangulia alibakiza nyimbo mbili. Raudha aliogopa wale watu, aliogopa lile daftari, na zaidi ya yote aliogopa kwamba mwanamume anayempenda alitaka aaibike. Akaifungua namba, akapiga.

"Twalib, naogopa."

"Ule wimbo wa Ubungo uliufanyaje?"

"Niliupandisha kasi, basi."

Akamsikia akijipiga kofi kwenye paji la uso. "Masikini mie! Mashine zenu kasi ikipanda, sauti nayo inapanda! Kwenye kinanda changu naongeza kasi nitakavyo, sauti haisogei. Sikufikiria kabisa!"

"Kwa hiyo hukukusudia?"

"Kukupoteza naogopa, kweli. Lakini nikuzomeshe? Sikiliza. Angalia daftari, wimbo wa pili chagua ambao ufunguo wake uko kitufe kimoja chini ya wa kwanza kwenye kinanda. Ukiupandisha kama siku ile, utafika palepale."

"Na nikikosea?"

"Geuka."

Akageuka. Twalib alikuwa kwenye uzio, shati jeupe limenyooshwa, simu sikioni, macho mekundu. "Niliona jina lako kwenye bango. Nilitaka nikuone tu, nijiendee zangu," alisema.

Raudha alimshika mkono, akapanda naye jukwaani. Wimbo wa kwanza ukaita watu. Wa pili akaupandisha kasi taratibu, akampa Twalib sikio moja la hedifoni, lile alilolitengeneza.

"Zinapatana?"

"Sikiliza mwenyewe, mama. Mie nasikia moyo wangu tu."

Akasikiliza. Akafumba macho, akaziachia zote mbili. Hakuna kilio kilichotoka. Uwanja mzima ukanyanyua mikono.

"Kesho namtuma mjomba kwenu!" Twalib akapaza sauti.

"Aje kufanya nini?"

"Kuposa! Naogopa, Raudha."

"Hata mie," akajibu, akamwachia lile sikio moja, mkono wake wa pili ukitafuta wimbo wa tatu.