Mlango wa Daraja la Kwanza

Kuku ndio walioanza kukataa. Kila asubuhi mke wa Bosi aliwakuta wamejibana ukutani, mbali na mlango wa mbele, hata mtama uliomwagwa pale hawaugusi.

Bosi hakuwa bosi wa mtu yeyote. Alijipa jina hilo alipopangishwa stesheni ile iliyokufa, akafuga kuku kwenye chumba cha abiria wa daraja la kwanza, na mama mkwe wake akamlaza kwenye stoo ya mizigo.

Bibi huyo alikulia jirani na reli. Enzi za treni, alisimulia, mkuu wa stesheni alimfungia nje mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, kisa tiketi yake ilikuwa ya daraja la tatu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama yule alifia kwenye mlango huo wa mbele pamoja na kichanga chake, na tangu hapo jini likapafanya kwake. Treni zilipokoma, wafanyakazi walihama. Lenyewe likabaki.

"Baba, tuhame," bibi alimsihi mkwewe kwa sauti ya chini.

Bosi alicheka hadi akapaliwa. "Likija liambie lipange foleni, kama walalahoi wenzake."

Alasiri moja mvua ikashuka ghafla. Mke alikuwa uani. Akakimbilia mlango ule, akaukuta umefungwa kwa ndani.

"Mume wangu, nifungulie! Nalowa!"

"Tiketi yako?" Kwenye ufa wa mlango, mdomo ulikuwa wa mumewe, sauti haikuwa yake.

Hapo ndipo harufu ya moshi wa makaa ikamjia, na nyuma yake harufu ya damu, na chini kabisa ya mlango, upande ule ule wa nje aliosimama, kucha zikaanza kukwaruza mbao taratibu, kama za mtu aliyelala chini na kuishiwa nguvu, na alipoinama hakuona mtu, ila vidole vya baridi vikamshika kifundo cha mguu na kichanga kikalia mara moja tu, kikanyamaza.

Mayowe yake yalimtoa mama yake stoo. Bibi akatuma mtu amwite mganga, mwanamke mfupi aliyefika na baiskeli, matope hadi magotini. Wakavunja mlango. Bosi alikuwa ameketi wima katikati ya kuku waliokufa.

"Mtoke mtu wa watu," mganga aliamuru, akifukiza ubani.

"Sikumvamia," jini likajibu kwa dharau. "Alinitandikia mwenyewe."

Mganga alisoma hadi jasho likamtiririka. Upepo ukatoka chumbani kwa kishindo, harufu ikakatika, Bosi akaanguka. Kisha akafumbua macho, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Mnanitolea macho nini, wajinga nyie? Na huyu kikaragosi wa matope nani kamwingiza kwangu?"

Mke akamsogelea mganga, akanong'ona, "Dada, halijatoka."

"Limetoka," mganga alisema, akifunga kibegi chake. "Huyo ni mumeo."

Mke akampita mumewe. Akaenda kuchukua khanga zake, akamshika mama yake mkono, wakaifuata reli. Bosi aliwafokea hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyegeuka.