Maji ya Chumvi Mlangoni kwa Dobi

Katika nyumba ya dobi, siku ilianza kwa moto. Dobi aliwasha jiko chini ya sufuria kubwa ya kuchemshia mashuka. Mkewe alitenga nguo: nyeupe huku, za rangi kule. Watoto walikunywa chai haraka haraka, wakaenda shule.

Baba yake dobi alikaa kitandani katika chumba cha mbele. Miguu yake ilikuwa imepooza. Kutoka dirishani aliuona ukuta wa bahari na kila mtu aliyepita barabarani. Enzi za nguvu zake alikuwa kuli bandarini. Sasa alijipa kazi ya kukagua mashati yaliyopigwa pasi.

"Kola hii imelala upande," alimwambia mkwewe. "Mwenye shati ataonekana amelewa."

"Haya, baba, nairudia," mkwewe alijibu huku akicheka.

Asubuhi moja jua lilikuwa kali. Angani hapakuwa na wingu hata la dawa. Mara mkewe dobi akaita kutoka chumba cha kufulia.

"Baba watoto! Njoo uone!"

Maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la mtaro, katikati ya sakafu. Yalipanda taratibu, bila kelele. Yakalifikia rundo la mashuka meupe. Dobi aliyanyakua, lakini ya chini yalikuwa yamekwisha kuloa tope.

"Mtaro umeziba tena!" alisema kwa hasira. "Watu wanatupa takataka ovyo, tunaoumia ni sisi."

Maji yalipopungua alichukua koleo, akatoka kuuzibua mtaro wa nje. Alichokoa mpaka mgongo ukamuuma. Hakukuta taka za maana. Mtaro ulikuwa wazi. Aliporudi ndani, mkewe alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu.

"Sabuni hii ina nini leo?" mkewe aliuliza. "Nasugua na kusugua, haitoi povu."

Dobi aliweka koleo chini. Kufua alianza tangu ujana. Alijua ni maji gani yanayokataa sabuni.

"Haya ni maji ya chumvi," alisema. "Mke wangu, hii ni bahari."

Mzee alisikia kutoka kitandani. "Bahari? Acha maneno! Bahari ina ukuta wake. Hata mwaka ule wa kimbunga kikubwa, mwaka uliozaliwa wewe, maji yaligusa ngazi ya juu tu. Hayakuvuka kizingiti. Kazibue mtaro wako vizuri."

Dobi hakubishana na baba yake. Lakini roho yake haikutulia.

Kesho yake alikwenda kwa shemeji yake, dada wa mkewe. Shemeji alifanya kazi katika kituo cha kupimia bahari. Kilikuwa kijumba kidogo mwisho wa gati. Ndani yake bomba pana lilishuka mpaka majini. Katika bomba hilo boya dogo lilipanda na kushuka pamoja na bahari, na chombo kiliandika kila badiliko.

"Shemeji, umeniletea nguo zangu au umenichoka?" alitania. Alipoona uso wa dobi, akaacha mzaha. "Kuna nini?"

Dobi akamweleza yote. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtaro wenu hauna kosa," alisema. "Kazi yake ni kumwaga maji baharini. Bahari ikipanda juu ya mdomo wa mtaro, maji yanarudi nyuma. Jana yalikuwa maji makuu, bamvua. Zamani bamvua la kawaida halikuufikia mdomo ule. Sasa linaufikia."

"Lakini bahari hujaa na kupwa kila siku, shemeji. Leo juu, kesho chini."

"Ndiyo maana siku moja haikuambii kitu. Njoo huku."

Ukutani palikuwa na karatasi ndefu yenye mstari uliopinda pinda. "Hapa tumeweka wastani wa kila mwaka," shemeji alisema. "Weka kidole mwanzoni, ufuate mstari."

Kidole cha dobi kilipanda kidogo, kikashuka, kikapanda tena. Mwaka mmoja kilirudi chini. Lakini kilipofika mwisho wa karatasi, kilikuwa juu sana kuliko kilipoanzia.

"Labda ni gati linalozama," dobi alisema.

"Umeuliza kitu cha maana. Mahali pengine ardhi huzama kweli, nasi tulichunguza. Tukalinganisha na vituo vingine na vyombo vinavyopima bahari kutoka angani. Bahari inapanda, ingawa si sawasawa kila mahali. Tena kuna maboya yanayozama mpaka kilindini, yanapima joto, kisha yanaibuka na kutuma habari. Habari yao ni moja. Bahari inazidi kupata joto."

"Na hapa kwetu imepanda kiasi gani?"

Shemeji alitanua kiganja, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. "Tangu uzaliwe, karibu shubiri moja."

Dobi nusura acheke. "Shubiri tu?"

"Shubiri tu, siku bahari imelala. Siku ya kimbunga, maji yanaanzia juu ya shubiri hiyo." Alimtazama. "Na baba analala chumba cha mbele."

Dobi aliutazama tena mstari ule ukutani.

Jumapili shemeji alikuja nyumbani. Alimwomba dobi aijaze sufuria maji baridi mpaka ukingoni kabisa, kisha awashe moto. Wote walikaa wakitazama. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi, na mzee naye alinyoosha shingo. Kabla maji hayajachemka, yalianza kumwagika. Jiko likafoka.

"Nani kaongeza maji?" mzee aliuliza.

"Hakuna, baba," shemeji alijibu. "Maji yakipata joto hutanuka. Bahari haichemki, imepata joto kidogo tu. Lakini ni pana na ina kina, kwa hiyo kidogo hicho kinainua maji mengi. Pia barafu iliyo nchi kavu, huko nchi za baridi, inayeyuka na kuingia baharini."

"Joto hilo limetoka wapi?" mkewe dobi aliuliza. "Jua si lilelile?"

"Jua ni lilelile, mdogo wangu. Ila tunachoma makaa ya mawe, mafuta na misitu, tangu zama za mababu. Hewa inayotoka huko inaifunika dunia kama blanketi, joto haliondoki vizuri. Sehemu kubwa ya joto hilo inamezwa na bahari." Alionyesha mvuke uliokuwa unapanda. "Na maji yenye joto hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo ndio chakula cha kimbunga. Kikishiba, kinakuwa na nguvu zaidi na mvua nyingi zaidi."

"Vimbunga vilikuwepo kabla bibi yako hajazaliwa," mzee alisema.

"Kweli kabisa, baba. Siwezi kukuonyesha kimbunga kimoja nikasema hiki kimeletwa na joto peke yake. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi. Mwenendo huo ndio uliobadilika." Kisha akamsogelea. "Nina shida na wewe. Mwaka ule wa kimbunga, maji yalifika wapi hasa?"

Macho ya mzee yakachangamka. Alikuwa hajaulizwa jambo kwa muda mrefu. Dobi alimbeba mpaka mlangoni, na mzee akanyoosha kidole kwenye ngazi ya juu.

"Hapa. Nilisimama na kiatu changu kikalowa soli."

"Vipimo vya kituo vinasema hivyo hivyo," shemeji alisema. "Macho yako na chombo chetu vinakubaliana." Akainama, akaweka kidole gumba pale, akatanua kiganja kwenda juu. Kidole chake cha mwisho kilivuka kizingiti. "Kimbunga kilekile kikija leo, maji yatafika hapa. Kikija kikubwa kuliko kile, yatapita."

Mzee aliutazama mkono ule. Kisha akageuka, akakitazama kitanda chake.

"Mimi sihami," alisema. "Nirudishe ndani."

Haukupita muda mrefu, redio ikatangaza kimbunga. Watu wa karibu na bahari waliambiwa wapande hadi shule ya mlimani kabla jua halijazama. Shemeji naye alipiga simu. "Msisubiri kuona maji," alisema. "Zimeni umeme. Chukueni maji ya kunywa, dawa za baba na vyeti vya watoto, vifungeni kwenye nailoni. Ondokeni sasa."

Mkewe dobi alifunga mizigo. Watoto walivaa viatu. Mzee aligeukia ukuta.

"Nendeni. Mimi nalinda nyumba."

Dobi alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakupandisha sauti. "Baba, sikulazimishi uamini habari za vipimo. Nakuomba unihurumie mimi. Ukibaki, nabaki nawe. Siwezi kuiacha damu yangu hapa. Na watoto wangu wananisubiri mlangoni."

Nje upepo ulikuwa umeanza kuvuta mabati. Hatimaye mzee aligeuka kutoka ukutani.

"Lete mkokoteni," alisema.

Ulikuwa mkokoteni wa kupelekea nguo kwa wateja. Walitandika blanketi, wakamlaza. "Leo mimi ndiye nguo chafu," alisema. "Angalieni msije mkanichemsha." Watoto wakacheka. Dobi hakuweza kucheka.

Nyumba ya jirani aliishi fundi saa, rafiki wa mzee tangu ujana. Alikuwa mlangoni, mikono mfukoni.

"Wanakupeleka wapi, kama shehena?"

"Shuleni. Twende wote," mzee alisema. "Wewe ukiondoka nami nitatulia."

"Nitakuja maji yakifika mlangoni. Mimi miguu ninayo."

"Shikamoo, mzee, tafadhali," dobi aliomba. "Ukiyaona mlangoni utakuwa umechelewa."

"Marahaba, mwanangu. Msukume baba yako, mvua inakuja."

Dobi alisukuma. Aligeuka nyuma mara moja. Fundi saa alikuwa anawapungia mkono.

Kimbunga kilipiga nchi kavu alfajiri. Shuleni watu walishikana wakasikiliza. Hawakusikia mawimbi, walisikia ngurumo moja isiyokatika. Kulipopambazuka na watu wa uokoaji kuruhusu, dobi na wanaume wengine walishuka mtaani. Ukuta wa bahari ulikuwa umebomoka. Katika chumba cha mbele, alama ya maji ilikuwa imepita juu ya kitanda. Godoro la mzee lilikuwa limenasa dirishani. Dobi alisimama akalitazama.

Fundi saa walimkuta ndani kwake, nyuma ya mlango. Mlango ulifungukia nje. Maji yalipouegemea, hakuwa na nguvu za kuusukuma.

Dobi alipanda tena mlimani. Kila hatua alitafuta maneno. Alipofika, mzee alimtazama usoni, akajua.

"Alikuwa na miguu," mzee alisema. Akajifunika uso kwa blanketi. Siku ile hakula.

Baada ya mazishi watu wa mtaa walikutana, na shemeji akaja kuwaeleza. Hakumlaumu mtu. Waliomba manispaa iweke kwenye mdomo wa mtaro mfuniko unaojifunga bahari inapopanda, na baada ya kufuatilia sana uliwekwa. Dobi alihamishia mashine ya kufulia na nguo za wateja ghorofani kwa jirani. Kitanda cha mzee nacho kilipandishwa huko. Lakini la muhimu zaidi alilisema mzee mwenyewe.

"Rafiki yangu aliombwa mara moja, na watu waliokuwa na haraka," alisema. "Msimwache mtu aamue peke yake mlangoni. Kila mzee, kila mgonjwa, kila anayeishi peke yake awe na watu wawili wa kumfuata. Na wasiondoke bila yeye."

Wakapangana hivyo, nyumba kwa nyumba.

Msimu uliofuata tangazo lilitoka tena. Mtaa mzima ulipanda mlimani mchana, bila kusukumana. Mshonaji wa kona alisema hatoki; wawili wake wakaketi kwake, wakasema nao hawatoki. Baada ya muda kidogo akachukua kanga yake akafuata. Usiku ule kimbunga kiligeuza njia. Bahari ilipanda mpaka barabarani, lakini haikuingia nyumbani kwa mtu.

"Tumehangaika bure," kijana mmoja alinung'unika asubuhi.

Mzee aliomba ainuliwe akae. Alianza kuita nyumba za mtaa, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo wa barabara.

"Nyumba ya mshonaji?"

"Nipo."

"Nyumba ya kinyozi?"

"Tupo wote, mzee."

"Kwa dobi?"

"Tupo, baba," dobi alijibu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya fundi saa. Mzee alinyamaza. Darasa zima likanyamaza naye, na yule kijana akainamisha kichwa. Kisha mzee akapangusa macho kwa kiganja, akaendelea na nyumba ya mbele yake. Ikaitika. Iliyofuata ikaitika. Aliita mpaka mwisho wa mtaa, na kila aliyemwita aliitika.