Mdomo wa E

Nilikuwepo, na niko tayari kuapa mbele ya madhabahu ya kanisa la kijiji chetu, Tikitiki. Anayetaka kucheka na acheke.

Jumamosi ile ilianza kama nyingine. Mvua nyembamba, mkate wa kukaanga ndani ya kitambaa, chai kwenye chupa. Niliendesha gari hadi chuoni, mjini Gisborne, niwasaidie wanafunzi kupanga maonyesho ya katuni yao ya watoto. Waliitengeneza kwa wanasesere wa udongo: unapiga picha, unamsogeza mwanasesere kidogo, unapiga nyingine, na mwishowe kwenye skrini anatembea. Shujaa wao aliitwa Rere, msichana aliyefuga mkunga mtoni. Aliyemfinyanga Rere ni binti yangu, Ngarangi. Pumu ilimchukua mwezi Juni, kabla hajamfundisha Rere kusema.

Kiriwai, rafiki wa Ngarangi tangu utotoni, alinifungulia mlango.

"Hara mai, shangazi!"

Wirihana, mwanafunzi mwenzake kutoka Rotorua, huko bara, alicheka hadi akaangusha gundi. "Nyie watu wa pwani ya mashariki! Karibu kwa lugha yetu ni *haere mai*. *Hara* si dhambi? Mnaiita dhambi iingie ndani?"

"Iingie tuitwange," Kiriwai akajibu. "Pokea mkate, wewe."

"Shangazi, huyu ananionea kwa sababu mimi mzuri," Wirihana akalalamika.

"Uzuri wako tutauona ukishapiga deki," nikasema.

Tulifanya kazi. Nilipiga pasi vigauni vya Rere. Wirihana alitundika michoro. Kiriwai alifungua sanduku la midomo ambayo binti yangu aliifinyanga: mdomo wa a, wa e, wa i, wa o, wa u, na mmoja uliofumbwa. Kila mmoja ulikuwa na sumaku ndogo nyuma, ya kuubandika usoni. Hakuna hata mmoja uliowahi kubandikwa. Uso wa Rere, chini ya pua, ulikuwa laini kama yai.

Kiriwai alianza kukohoa.

"Una pumu tangu lini?"

"Sina, shangazi. Kifua kimebana tu, tangu nilipofungua hili sanduku."

Nikamwambia akae karibu na dirisha. Nikasali kimoyomoyo.

Wirihana akawasha skrini ili ajaribu kipande kifupi watakachowaonyesha watoto. Ngarangi mwenyewe alikipiga: Rere amesimama kando ya mto, anapunga mkono. Basi.

Rere akapunga mkono. Kisha akaushusha. Kisha akageuka, akatutazama.

Alikuwa na mdomo.

"Nani alibandika?" nikanong'ona.

"Hakuna," akasema Wirihana. Hakuwa akicheka tena.

Mdomo ukabadilika. Ukabadilika tena. Hakukuwa na sauti. Kiriwai alisimama, mkono kifuani, midomo yake imeanza kuwa ya bluu.

"Ananiita," akasema. "Ngarangi ananiita."

Akapiga hatua kuelekea skrini. Pumzi yake ilitoka kama filimbi. Nilimshika kiuno, na nguvu alizokuwa nazo hazikuwa zake.

"Wirihana! Msome huyo. Anasema nini?"

"A," akasoma. "E. E. Kafumba. A. I." Akanigeukia. "Shangazi… anasema *haere mai*."

Njoo.

"Soma tena."

"A. E. E…"

Hapo ndipo hofu iliponitoka. Mwanangu alizaliwa Tikitiki. Aliita kuku, aliita wageni, aliita mbwa wa jirani, na kinywani mwake lilikuwa *hara mai*. Kila siku. Hakuwahi kutia e pale.

"Wewe si mwanangu," nikaiambia skrini. "Mwanangu husema *hara mai*."

Mdomo ukasimama.

Kwetu ni wanawake wanaowaita wageni waingie, na ni wanawake wanaowaaga wafu kwa sauti. Nilimuaga Ngarangi mwezi Juni, na tangu siku hiyo koo langu lilikataa. Kanisani nilikuwa nafungua midomo tu. Sasa nilijaza kifua, nikaita kama mama yangu alivyonifundisha, ila maneno yalikuwa ya kufukuza.

"*Haere atu!* Ondoka! Hapa hakuna wako!"

Madirisha yalitetemeka.

Rere akainamisha kichwa. Polepole, mdomo ukaanza tena. Wirihana alisoma huku analia.

"A. A…"

"Sema!"

"Kafumba. A. I."

*Hara mai.*

Lile lililojificha ndani ya Rere lilikuwa limenisikia. Lilikuwa limejifunza.

Nitasema ukweli mbele za Mungu: moyo wangu ulikwenda. Ulikuwa mdomo wa mwanangu, na neno la mwanangu. Na mikononi mwangu mtoto wa mtu alikuwa anazimika.

"Umechelewa," nikasema. "Hilo umelipata kwangu. Nimeshazika mmoja. Wa pili humpati, hata ukiita kwa neno la mtoto niliyemnyonyesha."

Nilimwachia Wirihana amshike Kiriwai. Nikaenda mezani alikosimama mwanasesere mwenyewe. Usoni pake palikuwa na mdomo wa e, ile e ya uongo. Ulikuwa na joto. Nikaung'oa, nikabandika uliofumbwa, nikaukandamiza kwa kidole gumba huku nikisali Baba Yetu kwa sauti, mpaka amina.

Skrini ikawa nyeusi. Kiriwai akavuta pumzi moja ndefu, kama aliyetoka chini ya maji. Akakaa sakafuni, akaomba chai.

Tulimaliza kupanga. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani na kuacha kazi nusu. Jioni Wirihana alifungua kamera ili aihifadhi, na ndani akakuta picha moja mpya. Kamera ilikuwa imefungiwa kabatini tangu asubuhi.

Picha ilipigwa kutoka mezani, kutoka chini, kwenye kimo cha mwanasesere. Nimo mimi, kinywa wazi, nimemkumbatia Kiriwai. Nyuma yetu mlango, ambao Wirihana aliufunga kwa komeo kwa sababu ya mvua, uko wazi kabisa.

"Niifute?" akauliza.

"Ibandike ukutani. Lile likirudi, lituone tulivyosimama."

Tuliibandika kati ya michoro. Jumatatu watoto wa shule walikuja na kelele zao. Kila walipofika mbele ya picha ile walinyamaza, wakasogea pembeni mmoja mmoja, kama watu wanaompisha mtu mlangoni.