Nani Alizitoa Nyimbo za Kachibora?

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Nyaguthii alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwanafunzi mwenzake mjini Kitale aliyekuwa nayo. Alifunua kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta ya sebuleni, akatazama kama taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka, kisha akamwita baba yake: "Baba, iko macho." Kompyuta hiyo haikuzimwa mchana wala usiku. Mama yake, Nduta, alinung'unika kwamba hata ng'ombe hupewa nafasi ya kupumzika, lakini aliifunika tena kwa kitambaa chake kizuri.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na nyimbo. Baba yake, Mzee Kibe, alikuwa na studio ndogo mjini ya kurekodi kwaya za makanisa. Kwaya ikimaliza kurekodi, alileta nakala ya majaribio nyumbani na kuihifadhi humo. Huko Bungoma, ndugu yake Gathii, ambaye sikio lake halikukosa kitu, aliingia kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, akaandika anwani ya kompyuta ile na neno la siri, akasikiliza nyimbo kupitia intaneti kana kwamba ameketi kwenye kochi la Kitale. Baadaye alipiga simu: "Wimbo wa pili, sauti ya nne wamelala." Mwaka huo wa 2009 watu wengi hawakuwahi kusikia jambo kama hilo, na Nyaguthii alijigamba nalo mpaka wenzake wakachoka. Watu watatu tu walilijua neno la siri: Baba, Baba mdogo Gathii, na yeye mwenyewe, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye kibodi na Baba hakuziona herufi vizuri.

Alasiri moja mwezi wa Juni, Nyaguthii akifanya kazi zake za shule pale studio, aliingia Mwalimu Jepkosgei, kiongozi wa kwaya ya Kachibora. Hakuketi. Alitoa diski mkobani, akaiweka mezani mbele ya Mzee Kibe.

"Hii nimeinunua Chwele sokoni," alisema. "Sisi bado hatujazindua nyimbo zetu, lakini huko zinauzwa kama sukuma wiki. Mzee Kibe, nani amezitoa?"

"Kwangu haziwezi kutoka, Mwalimu," Mzee Kibe alijibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Studioni walifanya kazi watu wawili tu, yeye na kijana aliyeitwa Wekoye. Na nyumbani kwa kina Wekoye ni wapi? Ni papo hapo Chwele, upande wa Bungoma. Mwalimu alimtazama Wekoye, Mzee Kibe akamtazama, na Nyaguthii naye akainua macho kutoka kwenye daftari. Wekoye aliendelea kukunja waya za maikrofoni.

Tangu siku hiyo Nyaguthii aligeuka askari asiye na sare. Alipofika studio baada ya masomo, hakumsalimu tena Wekoye kwa mzaha kama zamani. Simu ya Wekoye ilipolia, naye akatoka nje kuongea Kibukusu huku akicheka, Nyaguthii alijiuliza anacheka nini. Aliponyamaza, alijiuliza anaficha nini. Mtu ukishamshuku, hata akipiga chafya utaona ni ishara ya wizi.

Kisha akaona mfuko. Ulikuwa chini ya meza, umejaa diski, na alipoingia ghafla Wekoye aliusukuma kwa mguu hadi gizani. Moyo wa Nyaguthii uliruka kwa furaha. Jioni hiyo alimweleza baba yake, akaongeza na maelezo ya jinsi Wekoye alivyobadilika uso.

"Una hakika ni diski?" Baba aliuliza.

"Nimeziona kwa macho yangu, Baba. Nyingi kabisa."

Mzee Kibe alijishika kichwa. Alimpenda kijana yule na kumwamini, na sasa ilimuuma kama amepigwa. "Basi Ijumaa nitamwita Mwalimu, na Wekoye arudishe funguo mbele yake," alisema. Kurudisha funguo kulikuwa na maana moja tu. Wekoye angerudi Chwele akiwa na jina la mwizi, na hakuna studio ambayo ingemwajiri tena.

Alhamisi, Nyaguthii aliichukua ile diski ya Chwele, akaicheza nyumbani. Alitaka ushahidi zaidi wa kummaliza Wekoye. Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Wa tatu ulipoanza, alisikia kelele nyuma ya sauti za kwaya. Ilikuwa mvua ikipiga mabati.

Aliikumbuka mvua hiyo. Ilinyesha mwezi wa Mei, siku ya kurekodi. Baba alileta nakala ya siku hiyo nyumbani hivyo hivyo, Gathii akalalamika, na kesho yake kwaya ikarudia wimbo. Pale studio, ule wenye mvua ulifutwa na ukabaki ule msafi. Wenye mvua ulisalia mahali pamoja tu, kwenye kompyuta iliyokuwa chini ya kitambaa cha Mama.

Basi mwizi hakupitia studio. Aliingia kwenye kompyuta ya nyumbani, na Wekoye hakujua neno la siri.

"Kumbe ni Baba mdogo," Nyaguthii alinong'ona, na mara akaanza kumhesabia Gathii makosa. Si juzi alinunua baiskeli mpya? Lakini alipoifikiria Bungoma, kitu kingine kilimjia.

Likizo ya Aprili alikuwa amewatembelea jamaa zake Bungoma. Alimpeleka binamu yake Wacuka kwenye saiba iliyo karibu na soko, ili amwonyeshe jinsi anavyoweza kuifungua kompyuta ya Kitale kutoka huko. Mhudumu alikuwa akiwapigia kelele kwamba dakika zao zinaisha. Mashine ikauliza kama ilikumbuke neno la siri. Nyaguthii akabonyeza ndiyo, maana ndiyo ndilo lililokuwa jibu la haraka. Muda ulipokwisha waliondoka mbio wakicheka. Hakufunga chochote. Tangu siku hiyo, yeyote aliyeketi kwenye mashine ile aliukuta mlango wa nyumbani kwao wazi.

Jioni hiyo alisukuma sahani yake pembeni. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Wekoye angeondoka, na yeye angebaki binti mwerevu wa kompyuta. Aliogopa sana, na aibu yake ilizidi woga.

Ijumaa alipofika studio, funguo zilikuwa tayari mezani. Mwalimu Jepkosgei alikuwa ameketi. Wekoye alisimama karibu na mlango, ule mfuko mkononi.

"Baba, usimfukuze," Nyaguthii alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote, kuhusu mvua, saiba na ile ndiyo ya haraka. Alipomaliza alikuwa analia.

Mzee Kibe alichukua simu. Alimpigia Gathii, akamtuma kwenye saiba ile. Baada ya muda simu ililia. "Ni kweli, bana," Gathii alisema. "Nimebonyeza mara moja tu, ikafunguka yenyewe. Badilisha hilo neno sasa hivi." Likabadilishwa papo hapo.

"Na huo mfuko?" Mwalimu aliuliza taratibu.

Wekoye aliumimina mezani. Zilikuwa diski zilizoharibika, zenye mikwaruzo. "Mama huzitundika kwenye shamba la mtama, zifukuze ndege," alisema. "Niliona haya. Sikutaka bosi aseme ati nabeba takataka zake bila kuomba."

Mwalimu Jepkosgei alivuta pumzi ndefu. "Basi tutazindua kama tulivyopanga. Tutawaambia watu kwamba diski yenye mvua ni ya wizi, na yetu ni ile kavu."

Mzee Kibe aliinuka, akazichukua funguo kwa mikono miwili na kumpa Wekoye. "Nisamehe, kijana wangu. Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza."

Wekoye alizipokea. Kisha akamgeukia Nyaguthii, aliyekuwa bado anafuta machozi.

"Kaka Wekoye, nisamehe. Niliacha mlango wazi."

"Kuacha mlango wazi ni kosa la kusahau," Wekoye alisema. "Utajifunza kuufunga kila mara, hata ukiharakishwa. Na leo umesema ukweli ambao ungeweza kuuficha, nakushukuru. Lakini siku zote hizi ulikuwa ukinitazama kama mwizi, Nyaguthii. Kuna siku hata moja uliyoniuliza?"

Nyaguthii alitikisa kichwa.

"Siku nyingine uniulize," Wekoye alisema. "Mtu akiulizwa, anaweza kujibu."