Watasema Apanda Ndege

Mzee Ndaki wa Majimoto alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu aliwajua kwa sauti. Njia aliijua kwa kengele. Ilikuwa kengele ya ng'ombe, lakini aliyeivaa ni mbwa wake, Watasema. Mbwa alitangulia, kengele ikalia, mzee akafuata. Nimemwona mbwa huyo akisimama kando ya shimo mpaka mzee alizunguke. Ni watu wangapi wenye subira hiyo?

Siku moja mwanawe Lyamba alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Daktari wa macho alikuwa tayari kumpasua mzee.

"Mje kwa ndege, baba. Mtakaa kwangu miezi mitatu."

"Bila Watasema siendi," alisema mzee. "Nani ataniongoza huko?"

Binti yake Nyanzala hakubishana. Alinunua tenga la kuku, kubwa kuliko yote sokoni. Aliwaza, "Kuku wanasafiri humu kwenye basi, mbwa atashindwaje?" Akamsukumia Watasema ndani. Kabla chai haijachemka, mbwa alikuwa nje, kipande cha tenga mdomoni.

Séverine, afisa mifugo aliyekuwa akipita, alizima pikipiki yake akicheka. Mama huyu wa Katumba akikucheka hakuachi hapo, atakusaidia.

"Tiketi mmeshakata?"

"Bado, dada."

"Afadhali! Mmeuliza shirika la ndege kama linabeba mbwa?"

"Kwani wanakataa?"

"Wengine hawabebi kabisa. Wanaobeba, kila mmoja ana masharti yake. Baba, ukipeleka ng'ombe mnadani unatembea na nini?"

"Kibali."

"Na mbwa je?"

"Ng'ombe ni mali, mwanangu. Huyu ni mwenzangu!"

"Basi mwenzako naye anataka karatasi."

Nyanzala alipiga simu pale pale. Hakumaliza darasa la tano, lakini kuuliza anajua! Mbwa anakaa wapi ndani ya ndege? Sanduku liweje? Karatasi gani zinatakiwa? Kila jibu aliliandika nyuma ya daftari.

Mbwa angekaa sehemu ya mizigo, tena nafasi yake iombwe mapema. Sanduku liwe imara, lenye matundu ya hewa, na mbwa aweze kusimama na kugeuka. Zilitakiwa pia kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya na kibali cha kusafiri.

"Naomba mniandikie kwa meseji," alimalizia, "kesho msije mkasema hamkusema."

Kadi ya Watasema ilikuwa imepitwa na muda. Séverine alimchanja, nao wakasubiri siku thelathini, kama shirika lilivyotaka. Fundi Zablon alitengeneza sanduku la mbao kwa vipimo vya ile meseji. Kila siku mbwa alilishwa humo, mpaka akalizoea. Hapo ndipo walipokata tiketi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Mpanda, mfanyakazi alisoma karatasi zote, akapima sanduku, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wangekuwa wote kama nyie!" alisema. Mzee alimvua mbwa kengele, isije ikanasa njiani. Aliishika mkononi mpaka Dar es Salaam, akamvisha tena walipofika.

Wiki chache baada ya kupasuliwa, macho yote mawili yalikuwa yamepona. Watasema alikuja mbio uani kwa Lyamba. Mzee alimtazama, akapiga magoti, akamshika mdomo uliojaa weupe.

"Kumbe na wewe umeota mvi, mwenzangu," alisema, na machozi yakamtoka.

Mbwa akasogea mbele yake, tayari kuongoza. Mzee alimfungua kengele shingoni, akaitia mfukoni.

"Leo pumzika," alisema. "Nitatangulia mimi."