Ukuta wa Katani wa Rukanga

Ukuta wa magharibi wa hoteli ulikuwa uchi. Paneli za katani zilizoukinga na jua la alasiri zilikuwa zimetoweka, zikabaki fremu tupu chini ya mlima Kasigau.

Inspekta Kavinya aliokota uzi ulionasa kwenye fremu. Akaunusa bila kukusudia. Ghafla alimwona marehemu mama yake kule Mata, ametoka shambani, anasokota katani pajani huku akiimba.

"Mwizi tumeshampata, madam," alisema Reuben, meneja. "Ni Maundu, soja wa usiku. Yuko seli tangu alfajiri."

"Amekiri?"

"Anasema hakusikia kitu. Upepo ulivuma usiku kucha."

Hoteli hiyo ilikuwa na sifa hadi Voi mjini. Ukuta wake ulifunguka na kufungika wenyewe kufuata jua na upepo, vyumba vikapoa bila mashine.

"Upepo ukiwa mkali, paneli hufanyaje?"

"Hujifunga. Komeo hukaza zisipeperuke."

"Na mtu akitaka kuzitoa?"

"Mpaka azifungue kwa simu." Reuben alisita. "Namba ya siri tunayo wawili tu. Mimi na msanifu aliyeuchora ukuta."

"Ulikuwa wapi jana usiku?"

"Voi, wodini. Mke wangu alikuwa anajifungua. Waulize wauguzi."

Kavinya alipiga simu. Wauguzi walithibitisha.

Msanifu aliitwa Wakio, mzaliwa wa papo hapo Rukanga. Kavinya alimkuta katika nyumba ya marehemu mama yake, nyuma tu ya ua wa hoteli. Paneli zilikuwa zimeegemezwa kila ukuta, nyingine zimelazwa kitandani kama wagonjwa.

"Ni wewe uliyezitoa?"

"Ni mimi."

"Peke yako?"

"Ni nyepesi. Nilizipitisha juu ya ua."

"Ukuta uliuchora wewe mwenyewe. Kwa nini uuibe?"

Wakio aliketi kwenye kigoda. "Nilichora, lakini aliyefuma ni mama na wenzake wa kikundi. Macho yake yalikuwa yameanza kuzima, akawa anafuma kwa kupapasa. Jioni alikuwa akinivuta mkono tuje uani, nimweleze jinsi ukuta unavyofunguka. Juzi mwenye hoteli aliniambia wanaweka alumini. Hizi zichomwe."

"Ungeziomba."

"Niliomba. Akasema ni mali ya hoteli."

Kavinya alipitisha mikono kwenye paneli iliyo karibu. Mahali fulani mfumo wa nyuzi ulipinda, kisha ukajirekebisha. Kiondo alichofumiwa na mama yake, alichokwenda nacho shule, kilikuwa na kosa kama hilo, na hakujua kilipotelea wapi.

"Maundu yuko seli," alisema.

"Nilidhani watamhoji tu, wamwachilie."

"Mama yake amekaa nje ya kituo tangu asubuhi. Amepewa chai, hakuigusa."

Wakio aliinamisha uso. Aliposimama, alitandaza leso ya mama yake juu ya zile paneli za kitandani, akafunga mlango.

Kavinya hakumtia pingu. Walipofika kituoni, Wakio alishuka garini wa kwanza, akampita afisa wa zamu, akaenda moja kwa moja kwa mama mzee aliyeketi chini, akapiga magoti mbele yake.

"Mama," alisema, "aliyechukua ni mimi. Mwanao hana kosa."